Kuvuka mipaka kwa gari bila ratiba: nchi za jirani ziliwaachia taswira gani?

Mkazi wa Iringa ameuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Mimi na mke wangu tutakuwa na likizo mwezi Julai, na kwa mara ya kwanza tunatamani kuvuka mpaka kwa gari letu wenyewe, gari dogo la kawaida lisilo na uwezo wa kupanda milima ya mawe. Nimesoma maelezo mengi ya watalii waliopita katika nchi zinazotuzunguka, lakini wengi wao wametoka mbali sana, na machoni mwao Tanzania, Zambia na Malawi huonekana kuwa mahali pamoja. Ninalotafuta ni ushuhuda wa mtu aliyekulia huku kwetu: ukishaondoka Tunduma, Kasumulu au Rusumo, ni mambo gani yanayokuonesha kwamba sasa uko katika nchi ya wengine, na ni yapi yaliyokugusa kiasi kwamba hujayasahau?

Nina swali la pili. Jamaa zangu kadhaa wamenisimulia safari walizoziamua usiku na kuzianza alfajiri, bila ratiba wala hoteli iliyolipiwa. Mke wangu amevutiwa sana na wazo hilo, nami nina wasiwasi kidogo. Je, safari ya namna hiyo inawezekana pale ambapo kuna mpaka wa kimataifa katikati? Naomba majibu ya waliofanya wenyewe.

Mwenyeji wa Mbeya amejibu:

Kaka, inawezekana, na ninakushauri uifanye angalau mara moja maishani. Safari yangu iliyonibadilisha mtazamo haikupangwa na mtu yeyote. Tulikuwa Vwawa kwenye harusi ya binamu yangu mwezi Mei, na asubuhi ya siku iliyofuata, tukiwa bado mezani na chai, shemeji akasema kwamba Tunduma iko karibu sana kiasi kwamba ni aibu kurudi Mbeya bila kuchungulia upande wa pili. Gari lake lilikuwa likienda Zambia mara kwa mara kwa biashara, hivyo lilikuwa na Kadi ya Njano, yaani bima ya gari inayotambuliwa ng'ambo, na karatasi zote. Wanne kati yetu tulikuwa na pasipoti. Mchana huohuo tulikuwa Nakonde, na kwa kuwa hapakuwa na aliyetaka kurudi, tuliendelea kusonga kusini hadi tulipofika Kasane, Botswana.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni upweke wa barabara. Sisi tumezoea kwamba kutoka Mbeya hadi Makambako huwezi kwenda mbali bila kukuta kijiji, genge, bodaboda na watoto wa shule. Kaskazini mwa Zambia unaendesha saa nzima ndani ya miombo, na dalili pekee za binadamu ni magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya lami, chupa za asali zilizoning'inizwa, na malori. Nchi ile ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 750,000, lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni 20, wakati sisi mwaka huohuo tulikuwa milioni 61.7. Nilizijua takwimu hizo kabla ya kwenda, lakini sikuzielewa mpaka nilipopita Isoka kuelekea Mpika huku mshale wa mafuta ukishuka na kituo cha mafuta hakionekani. Kwa hiyo, jaza tangi kila unapopata nafasi hata kama bado liko nusu.

Jambo la pili ni reli. TAZARA hukufuata sehemu kubwa ya njia hiyo. Mara iko kushoto, mara inakatiza barabara, mara inapotelea msituni kisha inarudi. Nimeishi karibu na kituo cha Mbeya tangu utotoni na nilikuwa naiona kama reli yetu ya kwenda Dar es Salaam. Nilipofika Kapiri Mposhi, mwisho wa kilomita zake 1,860, niliielewa kwa jicho la Wazambia: nchi isiyo na bahari, ambayo baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao mwaka 1965 ilijikuta shaba yake haina njia salama ya kutokea. Reli ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikuwa limekwisha kuanza kazi mwaka 1968. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza karanga nje ya kituo, aliposikia tumetoka Tanzania, alitusimulia habari za Mwalimu Nyerere na Kaunda kwa heshima ambayo sijaisikia siku nyingi hata nyumbani, kisha akakataa kupokea fedha yetu. Nilitoka pale nikiwa na deni moyoni.

Lusaka sitaisemea sana. Ni mji mpana wenye maduka makubwa, vijana nadhifu na foleni kama za miji mingine. Chakula kilitufaa tangu siku ya kwanza kwa sababu nshima ni ugali kwa kila hali, japo wao huusonga laini kuliko sisi, na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga zilitupendeza mno. Kapenta, yaani dagaa wao, wengi hutoka Ziwa Kariba, na dagaa hao wa Kariba ni kizazi cha samaki waliochukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa huko miaka ya 1960, hivyo usishangae ladha ikikukumbusha Kigoma.

Livingstone ndipo tulipotulia. Mwezi Mei maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, bado yamejaa, na kwa upande wa Zambia huyaoni vizuri hata kidogo, kwa sababu mvuke unapanda na kushuka juu yako kama masika. Tulivuka daraja la miguu tukiwa tumelowa mpaka mifupani, tukipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Upana wake ni takribani mita 1,700 na kina chake zaidi ya mita 100. Wanaotaka kuona ukuta wa mwamba na kupiga picha waende baadaye, lakini wajue kwamba ifikapo Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki na maji machache sana. Julai, mnapokwenda ninyi, ni wakati wa katikati ulio mzuri.

Kutoka Livingstone hadi Kazungula ni mwendo wa chini ya saa moja na nusu. Daraja lililopo pale lilifunguliwa tarehe 10 Mei 2021, lina urefu wa mita 923, na limejengwa kwa kupinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, maana Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia zinakaribia kukutana palepale mtoni. Kabla yake magari yalivushwa kwa pantoni, na malori yalisubiri kwa siku kadhaa. Tulipovuka nilisimama upande wa pili nikatazama nyuma kwa muda mrefu. Nilijivunia kwa dhati kwamba nchi zetu zimejenga kitu kama kile.

Botswana ndiyo iliyonipa hisia kamili ya ugeni. Pale mpakani magari hupitishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu, nasi tukatakiwa kukanyaga mkeka uliolowa dawa hiyohiyo, na nyama mbichi na maziwa hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu taifa lile linalinda ng'ombe wake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo kama sisi tunavyolinda mazao yetu dhidi ya nzige. Kasane ni mji mdogo, safi na mkimya. Watu wa nchi nzima hawazidi milioni mbili na nusu, lakini tembo ni takribani 130,000, wengi kuliko katika nchi nyingine yoyote duniani, nao hawasubiri uingie hifadhini: tuliwakuta wakivuka barabara kuu jioni, na madereva wote wakazima injini na kungoja bila kupiga honi. Uvumilivu ule wa madereva ulinigusa kuliko tembo wenyewe.

Dereva wa Tunduma amejibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu yangu wa Mbeya kwa furaha, lakini naomba nisisitize jambo alilolitaja kwa sentensi moja tu, kwa kuwa kazi yangu ni ya mpaka huu na ninawaona wengi wakirudishwa. Safari yao ya ghafla ilifanikiwa kwa sababu gari lilikuwa tayari. Uamuzi unaweza kuwa wa ghafla, karatasi haziwezi.

Kila msafiri awe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa Mtanzania anayekwenda matembezi, Zambia, Malawi na Botswana hazidai viza. Kwa gari, chukua kadi halisi ya usajili, na kama gari si lako, au ni la kampuni, au bado lina jina la aliyekuuzia, pata barua ya ruhusa ya mwenye gari iliyogongwa muhuri na wakili. Bima yako ya hapa nchini haikulindi ng'ambo. Kampuni yako ya bima inaweza kukukatia Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania inashiriki mpango wa kadi hiyo ingawa ilijitoa katika jumuiya mwaka 2000, nayo kadi inatambuliwa Zambia na Malawi. Botswana haimo katika mpango huo, kwa hiyo pale Kazungula utalipia bima na tozo za barabara za kwao.

Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa katika jengo moja, na kwa gari dogo shughuli si ndefu ukiwahi asubuhi. Usifuate foleni ya malori, hiyo haikuhusu. Upande wa Zambia utapewa kibali cha muda cha kuingiza gari na utalipa ushuru wa hewa ukaa, tozo ya barabara na ushuru mdogo wa halmashauri. Tunza kila risiti hadi siku ya kurudi, kwa sababu utaulizwa vizuizini na utaulizwa tena wakati wa kutoka. Gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari na stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Vibanda vya kulipia barabara viko vingi kuelekea Lusaka na Livingstone, navyo hupokea kwacha, hivyo badilisha fedha kidogo mapema, na ubadilishe dirishani, si kwa vijana wanaokimbilia gari.

Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukitoka mpakani saa nane mchana ya Tanzania, kwao ni saa saba, lakini jua litazama mapema kwa saa yao na wengi hujikuta gizani kabla hawajatarajia. Naomba mnisikilize katika hili: msiendeshe usiku kati ya Nakonde na Serenje. Kuna mashimo, na kuna malori yaliyoharibika yasiyo na taa, yenye matawi ya miti tu nyuma yake kama ishara. Serikali ya Zambia yenyewe ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku wa manane tangu mwaka 2016, na sisi tunaoishi kwa barabara hiyo tunajua ni kwa nini. Laleni Mpika.

Binti Kyela amejibu:

Shikamooni wakubwa. Kaka wa Iringa, kwa gari dogo na kwa likizo ya watu wawili, mimi ningewapeleka Malawi.

Mto Songwe ndio mpaka, lakini kwa sisi Wanyakyusa ugeni hauanzii pale. Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu, na nilipoingia sokoni Karonga nikasalimia kwa lugha ya bibi yangu, nilijibiwa kana kwamba nimetoka mtaa wa pili. Ugeni ulianza nilipokwenda mbele zaidi, Chitimba na Mzuzu, ambako lugha ilibadilika kuwa Kitumbuka na Kichewa na nikawa sina nilijualo isipokuwa Kiingereza cha shule.

Watu wengi hupita Karonga mbiombio, nami nasikitika kwa hilo. Kuna makumbusho madogo yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa katika wilaya hiyo, na kuna maelezo ya vita vya Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyepigana na kampuni ya Waingereza kuanzia mwaka 1887, hadi aliponyongwa mwaka 1895. Yeye na wafanyabiashara wenzake walikuwa watu wa asili ya pwani. Ukishuka hadi Nkhotakota utasikia habari za Jumbe, mtu wa pwani aliyetia nanga huko miaka ya 1840 na kujenga kituo cha kuvushia mateka na meno ya tembo ng'ambo ya ziwa. Uislamu aliokuja nao ungali hai, na misikiti ipo. Nilikuwa nimefundishwa biashara hiyo kama habari ya Bagamoyo na Zanzibar. Kusimama ufukweni Nkhotakota na kutambua kwamba watu walioongea lugha ninayoiandika hapa ndio waliowapakia wanadamu majahazini kulinitia huzuni ambayo sikuitarajia katika matembezi ya kujiburudisha, na bado naona ilikuwa sehemu yenye thamani kuliko zote.

Ziwa lenyewe ni lilelile tunaloliita Nyasa, ila kule barabara kuu hupita karibu nalo kwa mwendo mrefu, jambo ambalo upande wetu hatuna kwa sababu ya Milima ya Livingstone. Mwezi Julai upepo wa mwera huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa, kwa hiyo msipande mitumbwi bila kuwauliza wavuvi. Nkhata Bay ni ghuba iliyokingwa na kuogelea kwake ni salama zaidi. Miaka ya karibuni Malawi imekuwa na vipindi vigumu vya uhaba wa mafuta, na niliona magari yamelala vituoni, basi jazeni tangi Kyela na mpige hesabu ya kwenda na kurudi.

Mwalimu wa Ngara amejibu:

Mimi niliingia Rwanda kupitia Rusumo, na nakubaliana nusu tu na wanaosifu safari zisizopangwa. Rwanda ni nchi inayokutaka ujue kanuni zake kabla hujafika. Ukivuka daraja unahama upande wa kushoto kwenda kulia, na kwa gari lenye usukani wa kulia kulipita lori katika kona za vilima ni kazi ya watu wawili, dereva na anayemtazamia njia. Kamera za mwendo ni nyingi na faini ni kubwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi yote shughuli husimama. Tuliingia siku hiyo na ikatubidi kungoja kando ya njia huku majirani wakizibua mitaro na kufyeka. Sikuona aliyekasirika, na baada ya muda hata mimi nilianza kutamani kushika jembe.

Rusumo penyewe ni mahali ambapo siwezi kupapita haraka. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani watu 250,000 walivuka daraja la zamani kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Wazazi wangu walikuwepo, nami nilikua nikisikia habari za Benaco, kambi ya wakimbizi hao, kila siku. Kwenda upande wa pili nikiwa mtu mzima, nikakuta vilima vimepandwa kahawa na migomba hadi kileleni, barabara zimefagiwa, na mwenyeji wangu anazungumza nami Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi kwao, kulinipa utulivu mkubwa. Nilikwenda pia Nyamata, kwenye kanisa lililohifadhiwa kuwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Ndugu wa Iringa, ukienda huko usikuweke katikati ya ratiba ya kubanana. Jipe mchana wote, na usipange jambo lolote la furaha jioni yake.

Mkazi wa Iringa amejibu:

Nawashukuru wote kwa moyo, na mdogo wangu wa Kyela, marahaba. Nimemsomea mke wangu majibu haya kwa sauti na tumekubaliana: wiki hii nashughulikia Kadi ya Njano na chanjo, kisha karatasi zikishakamilika tutaondoka siku yoyote tutakayoamka na hamu, bila kuweka hoteli. Tumechagua Malawi, na Livingstone tutaiacha mpaka tupate likizo ndefu zaidi. Nina swali moja tu kwako, mdogo wangu wa Kyela: tumesikia sifa za misheni ya Livingstonia juu ya mlima. Je, gari letu dogo litapanda?

Binti Kyela amejibu:

Kaka, kutoka Chitimba msijaribu. Ile njia ya kona 20 ni ya mawe, na hata magari makubwa huipanda taratibu. Liacheni gari chini katika nyumba ya wageni yenye ulinzi na mpande kwa matola, pikapu za kubeba abiria, au kwa miguu alfajiri kabla ya jua kali kama mna nguvu, ni mwendo wa saa kadhaa. Karibu na kilele kuna maporomoko ya Manchewe, na misheni yenyewe, iliyoanzishwa na Robert Laws mwaka 1894, ina kanisa la matofali na nyumba ya kulala wageni ya mawe. Lalieni hukohuko juu. Mkiwa na anga safi, alfajiri mtaliona ziwa chini yenu na milima ya upande wetu ng'ambo. Beba sweta, Julai kule ni baridi kama Mafinga.